Skola, Kesho Unakuwa Mpangaji

Mwanangu Skola,

Afya yangu unaijua, maana asubuhi umeniacha hapa hapa barazani nikigombana na redio. Wewe na mama yako mmekwenda Mofu kumuaga bibi yako, na najua hamrudi kabla ya jioni, kwa sababu yule bibi akishamshika mtu mkono, kumwachia ni kazi. Basi nimepata nafasi. Nimechukua daftari lako la chuo lililobaki na kurasa nyeupe, nimevaa miwani, naandika.

Utasema baba kapatwa na nini, tunalala nyumba moja halafu ananiandikia barua. Sababu ni kwamba mdomo wangu naujua. Tukikaa uso kwa uso nitaanza vizuri, halafu nitaishia kukuuliza kama umebeba neti na sweta, na kukuambia kwamba huko Uchindile unakokwenda ni kwenye baridi siyo kama hapa kwetu. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mara nane, mimi siyagusi. Mimi nina jambo langu moja. Nimelikalia kimya miaka ishirini, na sitaki upande gari kesho hujalisikia kutoka kwangu. Naogopa, Skola. Nakuambia wazi, naogopa utakavyoniangalia baada ya kulisoma.

Ngoja nianzie mbali kidogo, nipate nguvu.

Kesho unakuwa mpangaji. Umezaliwa mtoto wa mwenye nyumba, umekua ukiitwa mtoto wa mwenye nyumba hapa Mlabani nzima, na sasa unakwenda kufundisha watoto wa watu na kulala kwenye chumba cha mtu. Nilipolifikiria hilo jana nilicheka peke yangu mpaka mama yako akauliza nimemeza nini. Kuna mwenye nyumba huko, hata simjui, kesho kutwa atasimama mlangoni kwako na funguo zake akikupa masharti. Usipike ndani. Wageni mwisho saa mbili. Atakuwa ananena kama mimi! Mvumilie. Wengi wetu tunaongea kwa ukali kwa sababu tunaogopa. Nyumba ni kitu kimoja tu tulichonacho, na tumeijaza watu tusiowajua.

Mimi nilipoanza nilidhani kazi ya mwenye nyumba ni kujenga. Ukishaezeka, umemaliza, unakaa barazani unasubiri. Kumbe kujenga ndiyo sehemu rahisi. Matofali hayagombani. Matofali hayaleti mgeni akae miezi minne. Umewaona wale wanunuzi wa mpunga wa kila msimu, anakuja mtu mmoja mpole na begi moja, anakuambia "mzee mimi ni mtu wa kulala tu," baada ya wiki chumba kimejaa magunia mpaka kwenye bati, panya wanasherehekea, na yeye analala kwenye baiskeli. Unakumbuka yule aliyeondoka akatuachia mbuzi? Wewe ulimpa jina yule mbuzi. Mama yako alitaka tumchinje Pasaka, ukalia siku mbili, tukala maharage.

Sasa hivi nimekatishwa. Happy wa saluni, wa namba tano, kaja na taulo begani.

"Shikamoo mzee. Umeme umekata, na mimi nina mteja kichwa kibichi."

"Marahaba. Zamu ya nani kununua?"

"Zamu ya namba mbili. Simu hapokei. Na mzee, mimi siwezi kununua kila siku eti kwa sababu nina drai."

"Lakini drai si unayo?"

"Ninayo mzee, lakini wao wana friji!"

Nimemnunulia mwenyewe, nimeingiza zile namba kwenye mita, umeme umerudi, kila mtu kanyamaza. Zamani ningesimama pale uani nikahutubia nusu saa. Ile hasira yangu unayoijua wewe ni makombo tu, mwanangu. Yenyewe hukuiona, ulikuwa mdogo. Na ndipo jambo langu lilipo.

Nilihamia hapa nikitoka Mahenge, fundi mwashi kijana, kichwa juu. Nilipata hiki kiwanja, nikajenga vyumba nane kwa mikono yangu, mama yako akinisogezea maji na udongo huku ana mimba yako. Mpangaji wangu wa kwanza kabisa alikuwa Mama Zuhura. Huyu huyu wa namba tatu, unayemwita Bibi, anayekaanga samaki pale kona. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, Mndamba wa Mofu, amefiwa na mume, ana binti yake mmoja. Alikuwa na ulimi, usimwone sasa hivi amepoa.

Nilipokuwa nachimba choo kipya cha wapangaji, wewe una miaka miwili, ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka. Nikaamua kwenda futi kumi na nane, nionyeshe watu. Kwetu milimani shimo refu ndiyo sifa ya mwenye mji, ukichimba hivyo umepumzika miaka ishirini. Mama Zuhura akaja akasimama juu ya shimo, mimi niko chini, namwona miguu tu.

"Baba Skola," akasema, "hapa kwetu maji ya masika hayatoki juu peke yake, yanatoka chini. Choo tunakinyanyua, tunakijaza kifusi. Na hapo umekaribia kisima."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, wewe kaanga samaki, shimo niachie mimi."

Vijana niliokuwa nao shimoni wakacheka sana. Mimi nikajiona bonge la fundi. Yeye akaondoka zake.

Masika ya kwanza mvua zilikuwa chache, nikatamba. Ya pili ilipoingia, Skola, ilikuwa mvua ya kweli. Mto ulimwaga mitaani, maji yakaja mpaka magoti, huko chini kuelekea hospitali yakafika kiunoni. Lile shimo langu la kujivunia likajaa kutoka chini, likaja juu lote na vilivyomo. Zege la juu likalala upande. Na kisima, ambacho kilikuwa hatua chache tu, maji yake yakageuka rangi na harufu.

Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Mimi nikasema ni wapangaji, wanamwaga maji ya kufulia chooni. Nikafunga choo kwa kufuli! Watu vyumba nane, mvua inanyesha, nimewafungia choo. Hata sasa nikiandika naona aibu.

Wakaja hapa barazani wote, siku ya tatu, Mama Zuhura akiwa msemaji. Akaniambia bila kupandisha sauti kwamba maji ya kisima yameingiliwa, watoto wasinywe, na kwamba mimi nikiwa mwenye nyumba nitafute gari la maji au niwaruhusu wakachote kwa jirani kupitia uani kwangu. Damu ilinichemka. Mwanamke, mpangaji, ananifundisha kwenye uwanja wangu mbele ya watu. Nikachukua kata, nikachota yale maji kisimani, nikanywa mbele yao. Nikamaliza. Nikasema, "Haya, nimekufa?"

Halafu nikakuita wewe. Ulikuwa na miaka minne, umevaa gauni la njano. Nikachota tena kikombe, nikakupa, nikasema, "Kunywa mwanangu, wakuone." Na wewe ukanywa, kwa sababu baba kasema. Ukanirudishia kikombe ukacheka.

Nimeacha kuandika kidogo hapo. Nimezunguka uani nikarudi.

Mama yako alikuwa Mofu shambani, mpunga umeshika mimba na ndege hawalali, alikuwa juu ya dungu na bibi yako wakiamia, kuwafukuza ndege wasile mpunga. Angekuwepo asingekubali. Au tuseme mimi nisingethubutu.

Jioni ile, bado nina hasira, nikachukua bisibisi nikaenda chumba namba tatu, nikafungua bawaba zote, nikang'oa mlango wa Mama Zuhura. Nikamwambia mchochezi nyumbani kwangu simtaki, mlango naushikilia kwangu mpaka ahame. Hiyo ndiyo silaha yetu wenye nyumba wengi, Skola, usishangae ukiisikia huko uendako. Hatupigi mtu, tunang'oa mlango. Au bati. Mtu anatoka mwenyewe. Yeye hakutoka. Alining'iniza kitenge pale mlangoni, akaendelea kukaa humo na binti yake, mvua ikipiga ndani.

Siku mbili baadaye ukaanza kuharisha. Asubuhi ulikuwa umelegea. Mimi nikasema ni tumbo tu la mtoto, nikakulaza, nikakufunika. Nikapita majini viatu mkononi, nikaenda ofisi ya kata, huko juu penye ukavu.

Na hapa ndipo uongo wangu ulipo. Wewe umekua ukinisikia kwenye kila sherehe ya nyumba hii, komunio yako ya kwanza, kipaimara, siku matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka, nikisimama na soda mkononi nikisimulia jinsi nilivyokubeba mgongoni kwenye maji ya kiunoni mpaka hospitali. Wageni wanapiga makofi. Mjomba wako hulia kabisa.

Sikukubeba. Wakati wewe unabebwa kwenye maji, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya ofisi ya kata, nimekauka vizuri, nikisubiri kumshtaki Mama Zuhura ili nipewe barua ya kumtoa. Nilikaa pale mpaka saa saba mchana. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kumhusu, na yalikuwa mabaya. Mtu akaingia, jirani tu, akaniuliza, "Fundi, uko hapa? Mtoto wako yuko hospitali, hajitambui."

Nilikimbia, kwa barabara ya juu ambayo maji hayakuifika. Nilipofika nikakukuta kitandani una mpira wa maji mkononi, macho yamezama, na pembeni yako amekaa Mama Zuhura, gauni limeloa mpaka kifuani. Alikusikia unalia, akaingia, akakuta umechafuka na huna nguvu. Akakufunga mgongoni kwa kile kile kitenge alichokitundika mlangoni. Chumba chake akakiacha wazi, vitu vyake vyote ndani. Akaingia kwenye maji.

Nikasimama. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Baba Skola, kaa hapa, mimi nikatazame kwangu kama kuna kitu kimebaki."

Nesi aliniambia tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Sina haja ya kukuchorea.

Kesho yake mama yako akafika mbio kutoka Mofu, matope mpaka usoni. "Nani kamleta?" akauliza. Mama Zuhura alikuwa amerudi kukuletea uji, amesimama pale pale. Mimi nikafungua mdomo, na nilikuwa nataka kusema kweli, nakuapia. Kilichotoka ni, "Mimi. Nilimbeba kwenye maji." Mama yako akanikumbatia, analia. Kisha akamgeukia Mama Zuhura, "Na wewe dada, ulikuwepo?"

Akajibu, "Mimi nilishika mwavuli."

Basi. Akanimiminia hata mimi kikombe cha uji.

Mchana ule ule nikarudisha mlango. Nikafukia shimo, nikajenga choo cha juu, kwa kifusi, mbali kabisa na kisima, mahali aliponionyesha yeye kwa kidole. Kisima nikakifukia nacho, ndiyo maana leo tuna bomba pale kilipokuwa. Tangu siku hiyo sijaweka jiwe kwenye uwanja huu bila kuwauliza wanaokaa humo. Watu wanasema Fundi siku hizi mstaarabu, amezeeka. Sijazeeka, nilifundishwa. Na mlango wa mtu sijaugusa tena, awe amenikosea vipi, na nimekosewa sana, wewe unajua. Yule wa namba saba aliyeuza hadi vitasa vyangu nilimsindikiza mpaka stendi.

Lakini kusema nimekosea nilishindwa. Namsalimia, nachekeshana naye, nampaka chokaa chumba chake kabla ya vyote. Ile sentensi moja haitoki. Na kila nikisimulia kwenye sherehe, yeye huwa amekaa pale nyuma na kanga yake, anatikisa kichwa kama vile na yeye anaisikia kwa mara ya kwanza.

Wapangaji ndio waliokulea, Skola. Nakuomba ulijue hilo unapokwenda kuwa mmoja wao. Mwalimu Benedikta wa namba moja ndiye aliyekufundisha kusoma kabla hujaanza shule. Ulisukwa nywele namba nne, ukala namba nane, ukalala namba tatu mara nyingi kuliko kwetu. Hivi vyumba vimekulipia chuo, ni kweli, nashukuru, lakini waliokuwa ndani ya vyumba ndio wamekufanya uwe mtu wa watu. Mungu alinipa nyumba nikadhani amenipa kuta.

Sasa nimekwisha kukuandikia, sikuona haki wewe uisome kabla Mama Zuhura mwenyewe hajayasikia kutoka kwangu. Nimeiacha hapa kwenye kiti, nimeweka tofali juu, nakwenda namba tatu.

*

Nimerudi. Utanisamehe mwandiko, naandika upesi kabla hamjafika.

Nimemkuta anapepeta mchele. Nimepiga hodi, nimekaa kwenye kile kigoda, nimesema yote bila kumwangalia. Ofisi ya kata, kikombe, mlango, mwavuli. Nimemwambia naomba unisamehe, na kesho namwambia Skola.

Ameweka ungo chini. Akacheka, Skola! Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Utamwambia nini? Mtoto anajua tangu yuko darasa la sita."

Nikasema, "Anajua nini?"

"Yote. Na la kikombe. Aliniuliza mwenyewe, sikuweza kumdanganya mtoto niliyembeba. Akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akalia kidogo, akaniambia, 'Bibi, usimwambie baba kama najua. Akifika pale kwenye maji huwa anafurahi sana.'"

Nikauliza, "Na mama yake?"

"Mama Skola? Mwanamme, siku ile hospitali viatu vyako vilikuwa vikavu, havina hata tope! Kila msimu tangu mwaka ule ananiletea debe la mchele mpya wa Mofu. Ulidhani ni wa nini, wa kushika mwavuli?" Akachukua ungo, akapepeta tena. "Huu hapa ndio wa mwaka huu."

Kwa hiyo nyumba nzima. Miaka yote hiyo mimi nasimama na soda yangu nasimulia, mama yako anapiga makofi, wewe unapiga makofi, na aliyekubeba anapiga makofi. Mmenistahi kiasi hicho! Nimetoka pale nimelia uani mbele ya bomba, Happy kaniona, akadhani nimefiwa. Nimemwambia hapana, nimefurahi. Na ni kweli. Sijawahi kuaibika hivi, na sijawahi kushukuru hivi.

Nilikuwa nimekuwekea mawaidha mengi hapa mwisho, ya mtu anayekwenda kupanga. Nimeyafuta. Ulikwisha kuyajua ukiwa darasa la sita. Nabaki na moja tu la ufundi. Ukipewa chumba Uchindile, usimuulize mwenye nyumba choo kikoje wakati wa mvua. Muulize mpangaji wa siku nyingi.

Nasikia pikipiki inaingia, nadhani ni ninyi. Barua hii naificha ndani ya kitabu chako, utaikuta. Jioni hii tukila usiniambie kitu, nipe hata siku moja ya kupumua. Ila kesho alfajiri usiite bodaboda ya mizigo. Lile sanduku lako la bati, pamoja na vitabu vyake vyote, nitalibeba mimi begani mpaka stendi. Mgongo unauma, najua, mama yako atagomba. Mwache agombe. Nataka na mimi niwe nimekubebea kitu.

Baba yako,
Fundi Otmari